Kisumu kwa saa ya ziwa: daftari la mume na mke kutoka Mwanza

Ijumaa. Sirari, Isebania na barabara ya Kisii

Basi kutoka Mwanza hupita Magu, Lamadi na Bunda, huvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, hupanda Tarime, ndipo Sirari, mpakani na Kenya. Anayekwenda kukaa Kisumu miezi ajipange afike mpakani kabla ya saa sita mchana. Upande wa pili magari ya kufika Kisumu bila kubadilisha hupungua jua likiinama, na milima ya Kisii hunyeshewa alasiri nyingi za mwaka.

Utaratibu wenyewe ni mfupi: mhuri wa kutoka Tanzania, mhuri wa kuingia Kenya, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iwe karibu, maana hata asiyeulizwa wakati wa kwenda anaweza kuulizwa wakati wa kurudi. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi ile idhini ya mtandaoni wanayodaiwa wageni wengi tangu Januari 2024, na anaweza kupewa hadi miezi sita. Siku huandikwa na afisa. Mwambieni tangu mwanzo mnakaa muda gani, na kabla ya kuondoka dirishani someni mihuri yote miwili. Mume akiandikiwa siku 90 na mke 30, hilo hurekebishwa pale pale kwa dakika mbili. Wiki tatu baadaye ni safari ya ofisini.

Badilisheni mpakani pesa ya nauli na chakula tu. Mchezo wa wabadilishaji wa pembeni ni ule ule siku zote: anahesabu noti mbele yako, unazihesabu unakuta moja imepungua, anazichukua "arekebishe", anaweka ile moja juu na kuchomoa nne chini. Pesa ikishaingia mkononi mwako isimrudie. Kama imepungua, atoe noti nyingine mfukoni mwake.

Kutoka Isebania, upande wa Kenya, kuna Probox za kwenda Migori zinazobeba watu wengi kuliko viti. Wenye masanduku mawili wasubiri matatu. Njia inapita Migori, Rongo, Kisii, Oyugis, kisha inateremka uwanda wa Kano hadi Ahero kwenye mashamba ya mpunga. Ndizi mbivu zinunuliwe Kisii dirishani, mchele wa Ahero unaweza kungoja. Mchele huo unapikika vizuri, ila aliyezoea wa Kyela atauliza harufu imekwenda wapi.

Saa ni ile ile ya nyumbani. Soketi ni za miguu mitatu bapa. Chaja ya miguu miwili ya mviringo inataka adapta.

Jumamosi. Nyumba hukaguliwa saa tisa alasiri

Madalali hupenda kuonyesha nyumba asubuhi, na asubuhi kila nyumba ya Kisumu ni nzuri. Nendeni saa tisa. Saa hiyo jua limeshapiga ukuta wa magharibi kwa muda wa kutosha, na chumba cha kulala chenye dirisha upande huo kitakuwa bado kinatoa joto saa nne usiku. Kinachotafutwa ni chumba cha kulala kilichoelekea mashariki, na madirisha yanayotazamana ili upepo wa ziwa wa alasiri uingie huku na kutokea kule. Feni ni msaada, lakini umeme ukikatika feni ni pambo.

Kuhusu mtaa: Milimani kuna miti, kimya na ziwa karibu, na bei yake inajua hivyo. Tom Mboya ni katikati, unakwenda sokoni kwa miguu. Riat ni juu, kuna mandhari na hewa baridi, lakini kila nyanya inahitaji bodaboda. Nyalenda ni nafuu, ila sehemu zake za chini hutuama maji wakati wa masika. Kwa wawili wasio na gari, tungechagua Tom Mboya au ukingo wa Milimani, hata kama chumba kitakuwa kidogo kuliko cha Riat.

Mkiingia, fungueni bomba la mbali zaidi na la juu zaidi, si la jikoni. Ulizeni tangi ni la lita ngapi na linahudumia nyumba ngapi. Wawili wanaooga kwa ndoo na kufua mara mbili kwa juma hutumia kama lita 100 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 1,000 lenu peke yenu ni siku kumi. Tangi hilo hilo likigawanywa kwa nyumba nne ni siku mbili na nusu. Tazameni dari kama ina alama za kahawia. Pitisheni kidole kwenye wavu wa mbu wa kila dirisha, hasa pembeni, kwani huko ndiko misumari huachia. Kisha simameni kimya dakika tano msikilize: baa, kanisa lenye spika, karakana. Jumamosi alasiri husema ukweli kuhusu jirani kuliko siku nyingine.

Nyumba isiyo na samani hudai kodi ya mwezi na dipoziti ya mwezi. Yenye samani mara nyingi haina dipoziti ila kodi iko juu. Msilipe chochote cha "kuhifadhi nafasi" kabla ya kuingia ndani kwa miguu yenu. Mkilipa kwa simu, jina linalotokea lilingane na kitambulisho cha mwenye nyumba na jina la kwenye mkataba. Pigeni picha kila ufa, kila kigae kilichopasuka, na mita ya umeme ikionyesha namba yake.

Jumapili. Kibuye

Soko la Kibuye liko wazi kila siku, lakini Jumapili ndiyo siku yake kubwa: mitumba, vyungu, kuku, nafaka, vitanda, baiskeli. Anayeanza nyumba anunue vyombo hapa. Fikeni saa mbili asubuhi. Kuanzia saa tano jua na msongamano vinakufanya ukubali bei yoyote ili uondoke.

Nafaka hupimwa kwa gorogoro, mkebe unaobeba takriban kilo mbili za mahindi ukijazwa hadi kilele. Kilele ni haki ya mnunuzi, msione haya kukidai. Kabla ya kupimiwa, pitisheni mkono chini ya mkebe. Ukiwa umebonyezwa kwa ndani, kila kipimo kinapungua kikombe kizima. Maharagwe ingizeni mkono hadi katikati ya gunia, kwa sababu mazuri hukaa juu. Mahindi yenye unga mweupe chini yana wadudu.

Salamu huanza kwa Kijaluo na kumalizika kwa Kiswahili. "Oyawore" asubuhi, "oimore" jioni, "erokamano" ukishapokea chenji. Shikamoo inaeleweka ila haitarajiwi sana. Mwenye kibanda ni "mama", mwenye bodaboda ni "kaka" au "omera", na ninyi mtaitwa "kastoma" mpaka mtakapozoeleka. Bei ya kwanza hushuka kwa mitumba na vyombo. Kwa mboga haishuki, mnaongezewa kiganja. Kuomba nyongeza kunaleta faida kuliko kuomba punguzo.

Kikapu mje nacho. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, karibu miaka miwili kabla ya Tanzania.

Jumatatu. Laini, tokeni, gesi

Siku ya foleni. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti, na M-Pesa hufunguliwa hapo hapo. Sajilini laini mbili na mzigawe: moja ya nyumba (kodi, umeme, maji, gesi, soko), nyingine ya matembezi. Mwisho wa mwezi taarifa ya simu ya kwanza ndiyo hesabu ya nyumba, bila daftari wala ubishi wa nani alinunua nini. Pesa kutoka laini ya Vodacom ya Tanzania inaweza kutumwa moja kwa moja kwenda Safaricom, huduma hiyo ipo tangu 2015. Linganisheni kiwango siku ya kutuma na cha benki, hutofautiana.

Umeme ni wa kulipia kabla. Nambari ya kulipia ni 888880, akaunti ni namba ya mita, na ujumbe unarudi na tokeni yenye tarakimu 20. Mambo yanayokwenda kombo ni matatu. Kukosea namba ya mita kunaweza kumpa mtu mwingine umeme wenu. Mita yenye deni la mpangaji aliyetangulia hula sehemu ya kila tokeni, kwa hiyo nunueni kiasi kidogo kwanza muone uniti zinazoingia. La tatu, baadhi ya ploti, yaani nyumba za kupanga za uani mmoja, zina mita ndogo ya mwenye nyumba, na hiyo hainunuliwi kwa nambari ile. Ulizeni kabla ya kulala gizani.

Gesi: mtungi wa kilo 6 wenye meko juu yake unawatosha wawili wiki tatu hadi nne, mradi maharagwe na makande yapikwe kwa makaa. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Wekeni kwenye mizani ya duka, toeni uzito huo, ibaki 6. Nyumbani pakeni povu la sabuni kwenye maungio, na pakitoa mapovu funga, kaza, paka tena. Kiberiti hakitumiki kutafuta gesi inayovuja. Inaonekana si lazima kusema, lakini bado wapo.

Jumanne. Dunga kabla ya jua

Jiji hili huenda kwa saa ya ziwa, na hapa ndipo mtu analielewa. Kisumu iko kwenye ncha ya ndani ya Ghuba ya Winam, maji yasiyo na kina kirefu, takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Usiku nchi kavu hupoa na upepo hutoka milimani kwenda ziwani. Mchana nchi hupata joto na upepo hugeuka, ukatoka ziwani kuja mjini. Kwa hiyo asubuhi maji ni kioo, kuanzia saa saba hivi yana mawimbi, na jioni upepo huo ukigonga milima ya Nandi unapanda na kuwa radi. Mvuvi, muuza samaki, mfuaji na mwenye kutaka kupanda mtumbwi wote hufuata ratiba hiyo. Mgeni anayelalamika kwamba Kisumu ni joto, mara nyingi anafanya mambo ya saa moja saa nane.

Ufuo wa Dunga uko kusini mwa mji, mwendo mfupi wa tuktuk. Kaeni pale saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mitumbwi inaingia, kamati ya ufuo inapima kwenye mizani, na wanawake wenye beseni wananunua kwa mkupuo. Msijipenyeze kwenye mnada wao. Subirini wapange meza zao nusu saa baadaye. Kuna ngege, ambaye ni sato wetu, kuna mbuta ambaye ni sangara, kuna kamongo, na fulu wadogo wa kukaangwa mzima mzima.

"Mama, huyu ni wa leo?"

"Wa leo, kastoma. Mguse."

Basi mguseni, kwa mpangilio huu. Jicho liwe limejaa na angavu. Likizama na kuwa na ukungu, amekaa. Inua shavu: matamvua ya ndani yawe mekundu, yasiwe ya udongo. Bonyeza mgongo kwa kidole. Shimo lirudi mara moja. Mwisho ni tumbo: likiwa laini kupita mgongo, matumbo yameanza kuharibu nyama. Harufu ni ushahidi wa mwisho, kwa sababu barafu huificha.

Sokoni mjini pia kuna samaki walioletwa wamegandishwa kwenye maboksi kutoka China, na wa kufugwa kwenye vizimba ziwani. Wa vizimba ni wazuri, wanene, ladha yao imepungua kidogo. Wa boksi wanatambulika kwa kulingana ukubwa kama matofali na macho yaliyozama. Hawana ubaya kwa kukaanga na viungo vingi, ila wasiuzwe kwa bei ya ngege wa asubuhi. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya ziwa hili, sisi karibu nusu. Ndiyo maana samaki hapa ni ghali kuliko Mwanza, na kuzoea hilo ni sehemu ya kuishi hapa.

Wawili hutosheka na ngege mmoja wa gramu 700 hadi 800. Magamba yatolewe kutoka mkiani kwenda kichwani, mikato mitatu kila ubavu, chumvi, kisha anikwe au afutwe mpaka ngozi ikauke. Ngozi mbichi ndiyo inayonata kwenye kikaango, pamoja na haraka ya kuweka samaki kabla mafuta hayajachemka. Mafuta yafike nusu ya unene wake, dakika saba au nane kila upande, na ageuzwe mara moja tu. Kwa mchuzi: kitunguu kimoja kikubwa, nyanya nne zilizoiva sana, chumvi, kikombe cha maji, samaki aliyekwisha kukaangwa alazwe humo dakika kumi bila kukorogwa, dhania mwishoni.

Wasiotaka kupika wale kwenye vibanda vya ufuoni, lakini wachague samaki na kukubaliana bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Baada ya hapo ni kusubiri dakika arobaini. Muda huo nendeni kwenye njia ya mbao ndani ya mafunjo. Ndege wa chozi wanaonekana, na mwenye subira husikia tiva wa mafunjo, yule mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano, kabla ya kumwona. Mtumbwi wa matembezi ni kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, jaketi okozi likiwa limefungwa, si la kukalia. Nahodha akisogea karibu na mafunjo kuwafurahisha kwa kiboko, mwambieni arudi nyuma. Kiboko hana mchezo wa karibu.

Siku nyingine mtakuta ghuba imefunikwa magugu maji na mitumbwi haitoki. Hayo hayajaota usiku. Upepo umeyasukuma kutoka upande mwingine, na upepo huo huo utayaondoa.

Jumatano. Maji ya kunywa na mtungi wa udongo

Maji ya bomba ni ya kuchemsha. Yakishachemka kwa nguvu dakika moja inatosha kwa kimo hiki. Kuyaacha robo saa ni kuchoma gesi. Ya kisima yabaki ya kufulia na kudekia. Wanaotumia dawa ya klorini wafuate kipimo cha kwenye chupa, wachuje kwanza maji yenye tope kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne, na wasubiri nusu saa. Tope hula klorini kabla haijafika kwa vijidudu.

Kilichotufurahisha kuliko jokofu ni mtungi wa udongo wa Kibuye. Chagueni usiopakwa rangi wala vanishi nje. Gonga kwa kidole cha kukunja: ukilia kama kengele ni mzima, ukilia kama mbao una ufa. Ujazeni maji, uache siku moja, mwaga. Rudieni mpaka maji yasiwe na ladha ya moshi. Kisha ukae kwenye beseni la mchanga uliolowa, kivulini, mahali penye upepo. Maji hupenya kidogo kidogo kwenye udongo, yanakauka nje na kuondoka na joto. Ukiwekwa kabatini haupoi, kwa sababu hakuna upepo wa kuukausha. Baada ya miezi kadhaa ukiacha kupoza, vinyweleo vimeziba: sugueni kwa brashi kavu, nje tu, bila sabuni.

Nguo zianikwe kabla ya saa tatu. Saa sita zimekauka.

Alhamisi

Mvua kubwa ya jioni, na radi. Chomoeni televisheni na chaja saa kumi mawingu yanapojenga juu ya Nandi. Mkisubiri ngurumo mmechelewa. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, lakini ziwa halifuati kalenda kikamilifu. Mkiona nguzo kama za moshi juu ya maji, ni nzi wa ziwa. Hawaumi. Zimeni taa, fungeni madirisha, kuleni mapema.

Ijumaa. Mboga

Mwanza tunazijua hizi mboga, ila hapa zinapikwa kwa siku mbili, na hilo linabadilisha kila kitu. Kwa wawili: mafungu matatu ya osuga, ambayo ni mnavu, mafungu mawili ya dek, ambayo ni mgagani, nusu lita ya maziwa. Chambueni majani na ncha laini, mashina magumu yatupwe. Osheni mara tatu bila kukatakata. Chemsheni maji kidogo na chumvi, tieni mboga, funikeni dakika ishirini, mwageni maji ya kwanza yenye uchungu, ongezeni mengine dakika kumi. Mimineni nusu ya maziwa, yachemke taratibu hadi yakauke. Laleni.

Kesho yake ongezeni maziwa yaliyobaki na kuchemsha tena. Uchungu unakuwa umegeuka kuwa utamu wa mbali. Wanaokula siku ya kwanza na kusema mboga za Kisumu ni chungu, wamekula zikiwa njiani. Maziwa yakikatika ni kwa sababu moto ulikuwa mkali au maji ya kwanza hayakumwagwa. Zinaliwa na ugali wa mtama uliochanganywa na mhogo. Atakayetumia sembe nyeupe hatakamatwa.

Jumamosi. Msitu wa Kakamega

Kama kilomita 50 kaskazini, na hewa nyingine kabisa. Matatu ya Kakamega hupanda Kiboswa, Mbale na Chavakali. Shukeni Khayega, kisha bodaboda kupitia Shinyalu hadi Isecheno. Muwe kwenye gari saa kumi na mbili asubuhi, maana ndege ni wa asubuhi na mvua ni ya alasiri.

Huu ndio msitu wa mvua uliobaki Kenya wa jamii ya misitu ya Kongo. Mbega weusi kwa weupe wanaonekana bila kutafutwa. Yule ndege shorobo mkubwa wa buluu anasikika kwanza kama mtu anayekohoa kwa hasira. Chukueni mwongozaji wa pale pale, mkubaliane saa na njia kabla. Njia ya kilima cha Lirhanda ndiyo inayolipa, kwa sababu juu yake mnaona msitu wote kwa mara moja, na chini yake kuna handaki la dhahabu la enzi za mbio za dhahabu za miaka ya 1930, sasa makazi ya popo. Suruali iingizwe ndani ya soksi: siafu. Viatu vyenye meno, koti la mvua, maji lita moja na nusu kila mmoja.

Chakula cha mchana ni kuku wa kienyeji, na kuku huyo huchemka saa moja na nusu. Agizeni kabla ya kuingia msituni. Kurudi, muwe Khayega kabla ya saa kumi, nauli hupanda na mvua.

Jumapili

Hakuna safari. Asubuhi Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980: boma la Kijaluo la mke wa kwanza, wa pili na wa tatu limepangwa kama linavyotakiwa, na anayetaka kuelewa mji huu aanzie hapo, si kwenye mabanda ya nyoka. Hifadhi ndogo ya Impala ni ya jioni. Viingilio vya hifadhi hulipwa kwa mtandao, hawapokei pesa taslimu, na pasipoti ya Afrika Mashariki iwe mkononi wakati wa kuuliza bei. Kisha ukingo wa ziwa kutazama jua likizama, takriban saa kumi na mbili na nusu, mikono ya shati ikiwa imeshushwa kwa sababu ya mbu. Chandarua kifungwe kabla ya kutoka, si baada ya kurudi.

Jumatatu. Homa

Ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima, kama kwetu. Homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka kwa tone la damu hutoa jibu ndani ya nusu saa, hata kwenye zahanati za mtaani. Msinunue dawa bila kipimo, na mkianza dozi malizeni, hata kama siku ya pili mwili umesharudi. Hospitali kuu ya rufaa ni ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969. Mwambieni mwenye tuktuk "Russia", atafika. Mgeni hulipa mwenyewe, kwa hiyo bima ya safari ya wawili inunuliwe Tanzania kabla ya kuondoka, na sharti lake kuhusu muda lisomwe: baadhi hukoma baada ya siku kadhaa.

Jumatano. Omena

Dagaa wetu hao hao, kwa bei nyingine. Huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wanaadimika na bei inapanda. Nunueni siku ambazo mwezi hauonekani. Isitoshe, Kenya hufunga uvuvi wao kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili wazaane. Anayekaa miezi hiyo aweke akiba mwezi Machi.

Wazuri wanang'aa fedha na ni wazima. Wenye njano tumboni wameanza kuchacha. Ulizeni kama wamekaushwa juu ya kichanja au chini. Wa chini wana mchanga, na mchanga hautoki kwa kuosha tu: wamwagieni maji moto, wakorogeni, wainueni kwa mikono kwenda chombo kingine bila kumimina, mara tatu. Mkimimina, mchanga unawafuata. Gorogoro moja huwatosha wawili mwezi mzima mkila mara mbili kwa juma.

Kwa akiba, wanikeni tena juani siku nzima hata kama muuzaji ameapa wamekauka. Hewa ya hapa ina unyevu. Wapoe kabisa kabla ya kuingia kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza, wakiwekwa moto hutoa jasho na kuota ukungu. Fungueni kila wiki mbili mnuse. Wakianza harufu ya mafuta ya zamani, wapeni kuku wa jirani.